Kozi ya mfumo wa usalama wa ndege: iko poa ila templeti zao mh!

Nimemaliza hii kozi ya mtandaoni ya kuunda mfumo wa kusimamia usalama wa ndege na kiukweli pesa yangu haijaenda bure. Wanaanza na Kiambatisho cha 19 cha ICAO (shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga), kile cha kusimamia usalama kilichoanza kutumika 2013, nguzo zake 4 na vipengele 12, hapo wanapita fasta na sawa tu maana hata ukisoma mwenyewe unaelewa. Utamu uko kwenye ripoti za hatari, yaani wanakuonyesha kwa nini fundi anaona nati imelegea ananyamaza, anaogopa kufukuzwa kazi, halafu bosi anajisifu eti hatuna ripoti hata moja, kumbe hapo sio usalama ni woga tu umejaa karakana nzima! Pia wanasisitiza bosi mkuu mwenyewe ndo awajibike, sio kumtupia afisa usalama mzigo wote (wakubwa wetu wangekaa hii mada wakiwa macho lol). Kilichoniudhi ni templeti, zote za mashirika makubwa, sasa sisi wenye vindege viwili vitatu tunazifanyia nini?? Na lile jedwali la kupima hatari, yaani uwezekano wa kutokea na ukali wa madhara yake, lilihitaji mifano zaidi. Nyota 4.