Cambustion NDIR500: kipimo cha moshi unaobaki ndani ya silinda

Pistoni inapomaliza kuusukuma moshi nje, silinda haibaki tupu. Ipo nafasi ya juu ambayo pistoni haifiki, na katika injini ya petroli ambayo mlango wake wa hewa umekaribia kufungwa, mvuto ulio kwenye manifoldi ya kuingizia hewa huurudisha ndani sehemu ya moshi wa ekzosi wakati vali mbili ziko wazi kwa pamoja. Mafuta yakikanyagwa hadi mwisho, mabaki hayo huwa kiasi cha asilimia 7 ya gesi yote. Mzigo ukiwa mdogo hufika asilimia 20, pengine hata zaidi, na hapo ndipo injini huanza kutetemeka, kwa kuwa moto husambaa polepole na kila mzunguko huungua kwa namna yake.

NDIR500 hutengenezwa na Cambustion, kampuni ya Cambridge, Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1987, nayo hupima kaboni dioksaidi na kaboni monoksaidi kwa mwanga wa infraredi. Vipimo vya moshi vya gereji hutumia kanuni hiyo hiyo, ila huchukua sekunde kadhaa kutoa jibu, ilhali hiki hujibu kwa milisekunde 8 hivi, na anayekinunua analipia hasa tofauti hiyo. Mrija mwembamba huingizwa kupitia tundu dogo la silindaheddi au plagi iliyotobolewa, gesi ikavutwa hadi kwenye kichwa cha kupimia kinachokaa jirani na injini, kisha mpimaji akasoma kaboni dioksaidi mara mbili: kabla ya cheche na baada ya kuungua. Tuseme amepata asilimia 2.4 kabla na 12 baada. Akigawanya ya kwanza kwa ya pili, anajua kwamba asilimia 20 ya gesi ilikuwa moshi wa mzunguko uliotangulia. Unyoofu huu ndio unaonivutia, maana njia ya kukadiria mabaki kutokana na shinikizo la silinda huhitaji joto la gesi, ambalo mara nyingi hukisiwa tu.

Udhaifu wake hujitokeza kasi inapopanda. Kwa mizunguko 1500 kwa dakika, milisekunde 8 ni digrii 72 za krankshafti, mhimili unaozungushwa na pistoni, na mgandamizo mzima, yaani pistoni inapopanda kuibana gesi kabla ya cheche, huchukua milisekunde 20, hivyo muda unatosha, ingawa si kwa starehe, kwani mwanzoni mwa mgandamizo shinikizo bado ni dogo na gesi husafiri polepole mrijani. Kwa mizunguko 6000 mgandamizo huisha kwa milisekunde 5, na namba inayosomwa huwa mchanganyiko wa kabla na baada usiofaa kwa lolote. Dawa mojawapo ni kuizima cheche kwa mzunguko mmoja ili gesi isiungue mpaka pistoni ishuke tena. Kwa mizunguko 3000 hatua hiyo hurudisha zile milisekunde 20, mradi mizunguko kadhaa ya kawaida ipite kabla ya kurudia, la sivyo mabaki yenyewe yatakuwa yamebadilika. Kwa bahati, injini yenye mzigo mdogo na kasi ndogo, ambayo mabaki yake ndiyo yanayosumbua, ndiyo kifaa hiki kinayoimudu vizuri.

Jambo jingine ni kwamba mrija huonja pale ulipo tu. Ncha iliyo karibu na plagi haisemi lolote kuhusu gesi iliyo ukutani, na katika injini inayomwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda nisingeitegemea ncha moja.

Kifaa kina vichwa viwili, na nashauri cha pili kisiachwe kabatini. Injini yenye vali ya kurudisha moshi kwenye hewa huingiza kaboni dioksaidi kwa njia mbili, na kipimo cha ndani ya silinda pekee hujumlisha zote. Kichwa cha pili kikiwekwa kwenye manifoldi, kiasi kilichoingia na hewa kinaweza kutolewa kwenye hesabu, yakabaki yale tu ambayo silinda ilishindwa kuyatoa.