WhatsApp kwa picha za reli ndogo: nzuri, ila zitume kama Hati

Aliyejenga meza ya reli ndogo, yaani modeli ya treni na stesheni zake, huko Kisumu akitaka kumwonyesha mwenzake wa Nakuru, WhatsApp ndiyo humjia kichwani kwanza, maana kila mtu anayo na hakuna akaunti nyingine ya kufungua. Kwa kazi hiyo inafaa kweli, mradi uachane na njia ambayo karibu kila mtu huitumia: kufungua matunzio, kugusa picha na kutuma. Njia hiyo huumiza picha ya modeli kuliko inavyoumiza picha ya harusi, na ukipiga hesabu utaona kwa nini.

Simu ya megapikseli 12 hutoa picha ya pikseli 4,000 kwa 3,000. Ukipiga kipande cha meza chenye upana wa sentimita 120, kila milimita hupata pikseli 3.3. Vishikio vya pembeni mwa injini ya kipimo cha HO (1:87, yaani ndogo mara 87 kuliko injini halisi) hutengenezwa kwa waya wa milimita 0.4 hivi, kwa hiyo kwenye picha waya huo una upana wa pikseli moja na kitu. Ubora wa kawaida wa WhatsApp huipunguza picha hadi takriban pikseli 1,600 kwa upande mrefu. Waya sasa umebaki na nusu pikseli, yaani haupo tena. Kokoto za njia ulizozichekecha na kuzimwagia gundi kwa bomba la sindano hugeuka uji, kwa kuwa mbano wa JPEG, umbizo la kawaida la picha, hukata picha vipande vya pikseli 8 kwa 8 na kutupa kwanza vile vitu vidogovidogo. Rangi nazo hubanwa zaidi ya mwangaza: Garratt, ile injini ndefu ya mvuke, ya rangi ya damu ya mzee ikisimama mbele ya nyasi za kijani, ukingo wake huvuja, na anayeitazama atadhani ni mkono wako uliotetemeka wakati wa kupaka.

Chaguo la HD, lililoletwa mwaka 2023, ni afadhali lakini bado linabana. Litumie kwa picha ya meza nzima. Kwa vichwa vya ribiti, maandishi ya ubavuni mwa behewa au mataruma ya chuma, halitoshi.

Dawa ni kutuma picha kama faili. Kwenye Android gusa alama ya kibanio cha karatasi, chagua Hati badala ya Matunzio, kisha itafute picha na uitume. Inafika ilivyo, pikseli zote, hata jina la faili halibadiliki. Hilo la jina si dogo. Picha ya kawaida ikifika kwenye simu ya Android huhifadhiwa kwa jina kama IMG-20240512-WA0003, na baada ya mwezi hakuna ajuaye ni ya nini. Faili uliyoiita bandari-Kisumu-HOm-03 hujieleza yenyewe.

Gharama ni bando. Picha kumi za megabaiti 4 ni megabaiti 40, wakati kwa njia ya kawaida zingekula tatu au nne tu. Wenzako kwenye kundi, hata hivyo, hawaumii: mipangilio ya mwanzo ya WhatsApp hupakua picha zenyewe hata kwa bando, lakini hati husubiri Wi-Fi au mtu aziguse. Anayetaka kuhesabu ribiti atagusa, asiyetaka atapita. Kwa hiyo tuma picha moja ya kawaida ya kuonja, halafu hati tatu au nne zenye undani.

Kuna mambo mawili yatakayokusumbua. La kwanza ni iPhone. Hupiga kwa umbizo la HEIC, na faili hiyo ikitumwa kama hati, baadhi ya simu za bei nafuu na kompyuta za zamani za Windows haziifungui. Nenda kwenye Mipangilio, Kamera, Miundo, uchague ule unaooana zaidi. Tangu hapo itapiga JPEG. Zile ulizokwisha kupiga zitabaki HEIC.

La pili ni zito zaidi. Picha ya kawaida hufutwa taarifa za kamera njiani, lakini hati huzibeba zote, pamoja na mahali ilipopigwa. Injini za kuagiza nje si vitu vya bei ya chini, na kundi la watu mia mbili halina haja ya kujua lango lako. Zima eneo ndani ya programu ya kamera kabla ya kupiga, usingoje kukumbuka baadaye.

Hati haifichi kitu, hivyo picha mbovu itafika na ubovu wake wote. Usitumie hali ya picha ya mtu, ile inayofifisha nyuma: simu hukisia ukingo wa kitu, na kwenye modeli hukata vishikio, viunganishi na nguzo za simu kana kwamba ni uchafu. Usiisogeze simu hadi sentimita 10 pia. Behewa la mbele litakuwa kali na la tatu ukungu. Rudi nyuma hadi sentimita 40 hivi, tumia lenzi ya 2x kama ipo, na uishushe kamera ilingane na macho ya kijitu kilichosimama stesheni. Picha ya kutoka juu huonyesha meza; ya chini huonyesha reli.

Taa ni balbu ya mwanga mweupe wa 5,000K au 6,500K, na pazia lifungwe, maana mwanga wa dirisha ukichanganyika na balbu ya njano hakuna rangi itakayosimama. Iweke upande wako wa meza, juu ya kichwa. Ikikaa karibu na mandhari ya nyuma, upande wa modeli unaoikabili kamera utabaki kivulini. Mistari myeusi ikipita kwenye picha, ni LED ya bei rahisi inayopepesa kwa stima yetu ya hezi 50. Weka kasi ya shata 1/50 au 1/100, au ubadilishe balbu.

Kwenye maelezo andika kipimo na geji (upana kati ya vyuma viwili vya reli), maana hapa kwetu ndipo maswali yanapoanzia. Reli ya zamani, iliyofika Kisumu mwaka 1901, ni ya milimita 1,000. Katika 1:87 hiyo ni milimita 11.5, ndiyo maana wajenzi wa HOm, yaani HO ya reli ya mita moja, hutumia njia ya milimita 12. Njia ya kipimo cha N, ya milimita 9 katika 1:160, ni karibu sawa na SGR, reli mpya yenye geji pana zaidi, si reli ya Nakuru. Laza rula kando ya njia katika picha moja na ubishi utaisha. Kama ni bandari ya Kisumu, ongeza jinsi ulivyopandisha mabehewa ndani ya meli ya MV Uhuru na ulivyotengeneza gugumaji. Vumbi la mbao lililotiwa rangi huonekana vizuri kwenye hati, na kwenye picha ya kawaida ni doa la kijani tu.

Telegram ni mwendo uleule: picha ya kawaida hushuka hadi pikseli 1,280, na faili hufika nzima. Haina ubaya, ila wenzako wengi hawapo huko.

Udhaifu wa WhatsApp ni kwamba si ghala. Faili isiyopakuliwa kwa muda mrefu hukataa kufunguka na itabidi aliyeituma aitume upya. Za kudumu ziweke kwenye albamu ya Google Photos, yenye gigabaiti 15 za bure zinazogawanwa na Gmail na Drive, au Flickr, ambayo akaunti ya bure hukomea picha 1,000. Kwenye albamu ya Google angalia mipangilio ya kushiriki na uzime kuonyesha eneo, kisha weka kiungo kwenye maelezo ya kundi ili anayejiunga leo asiombe picha za mwaka jana.