Navidrome kwenye NAS ya nyumbani: kuiwasha jioni moja, kusafisha majina wiki 3

Nianze na lenyewe kabisa, kama nyimbo zako zimekaa ovyo na majina ni "Track 01" na "Msanii hajulikani", basi shida yako sio seva, shida ni tagi, yale maelezo ya msanii, albamu na jina la wimbo yanayokaa ndani ya faili lenyewe. Mi nimelijua hilo nimeshachelewa.

NAS ni kikompyuta cha kutunza mafaili kilichounganishwa na mtandao wa nyumbani, yangu ni Synology DS220+ niliinunua mkononi kwa mtu, ina diski 2 za TB 4 moja inanakili nyingine, RAM ni ile ile GB 2 iliyotoka nayo kiwandani. Hapa nyumbani Tabata kazi yake ilikua kutunza picha za familia basi. Muziki nao ulikuwemo, kama GB 180 hivi, nusu nilizitoa kwenye CD mwenyewe na nusu ni kaseti za mzee, dansi na taarab, ambazo mdogo wangu alizihamishia kwenye kompyuta zamani hizo akiwa anasubiri matokeo ya form six, sasa nilichokua nataka ni kitu kidogo tu, niwe kwenye daladala nifungue simu niziskize bila kulipia huduma ya kila mwezi ambayo hizo za mzee yenyewe haina.

Nikaangukia Navidrome, programu inayoigeuza NAS kuwa seva ya muziki wako mwenyewe. Ni ya bure, nyepesi (kwangu ikiwa imetulia haifiki hata MB 100 za RAM), na inaelewana na programu yoyote ya simu inayotumia mfumo wa Subsonic, kwaiyo hufungwi na app moja.

Inaendeshwa kwa Docker, yaani programu inakaa kwenye boksi lake peke yake, ndo kontena. Kuanzia DSM 7.2 (DSM ni mfumo endeshi wa Synology) ile Docker yao inaitwa Container Manager, usije ukaitafuta kwa jina la zamani ukadhani imeondolewa. Nikatengeneza foda ya docker/navidrome, nikaingia sehemu ya Project nikabandika faili la compose, yaani maelekezo ya kuendesha kontena: imeji (kifurushi cha programu yenyewe) ni deluan/navidrome, poti 4533, foda ya muziki inaingia kama /music na mwisho nimeweka :ro manake isome tu isiguse faili zangu, afu foda ya pili inaingia kama /data, humo ndo inaweka kumbukumbu zake. Nikabonyeza, ikaanza kushusha imeji, nikaenda zangu kubandika chai.

Narudi nakuta kontena linawaka linazima, linawaka linazima, kama taa ya bodaboda mbovu. Nusu saa nzima nalaumu intaneti! Kumbe kosa langu mwenyewe, nilinakili mfano wenye mstari wa user: 1000:1000 na sikuugusa, wakati kwenye Synology watumiaji wa kawaida namba zao zinaanzia 1026, kwaiyo huyo 1000 hana ruhusa ya kuandika kwenye foda ya /data. Nikaingia kwa SSH (kuiandikia NAS amri toka kompyuta nyingine) nikaandika id, ikanijibu uid, namba ya mtumiaji, 1026 na gid, namba ya kundi, 100, nikabadilisha ikawa 1026:100, ikasimama hapo hapo na haijasumbua tena. Ukikwama na wewe soma logi kwanza, mi niliisoma mwisho. Ukifungua anwani ya NAS na 4533 mara ya kwanza inakuomba uunde akaunti ya msimamizi, afu inaanza kuskani yenyewe.

Ilipomaliza ndo nikaona aibu yangu yote. DDC Mlimani Park Orchestra ilikua imekua bendi 4, kuna hiyo, kuna "Mlimani Park", kuna "Mlimani Park Orch." na kuna "Sikinde", kila moja na nyimbo zake. CD za mchanganyiko ndo balaa zaidi, CD moja yenye waimbaji 12 imekatika vipande 12, sababu Navidrome haipangi kwa foda, inapanga kwa tagi, na ile sehemu ya msanii wa albamu mi sikuwahi kuijaza hata siku moja. Na yenyewe haikuruhusu urekebishe tagi humo ndani, lazima utoke nje ukafanye kwa programu nyingine. Kwangu hiyo ni nusu nyota inakatwa, ingawa naelewa, nimeipa faili za kusoma tu halafu nalalamika haiandiki.

CD za kawaida nilizimaliza na MusicBrainz Picard, inajaza yenyewe. Kaseti haina la kukusaidia, hizo ni Mp3tag na mkono, kila usiku baada ya taarifa ya habari. Ikabidi nimkalishe mzee pembeni.

"Mzee, hii bendi gani?"

"We acha kwanza, usizime."

Kwa mwendo huo ndo wiki 3 zikaisha.

Kusikiliza nikiwa nje nimetumia Tailscale, inaunganisha simu na NAS kwa njia ya siri kupitia intaneti, ipo kwenye Package Center (duka la programu za Synology) na matumizi binafsi ni bure. Kufungua poti kwenye rauta kwangu isingewezekana hata ningetaka, sababu anwani ya IP ya nje nachangia na wateja wengine wa mtandao wangu. Kwenye simu natumia Symfonium, unailipia mara moja tu, wa iPhone jaribuni Amperfy. Kilichonifurahisha kuliko vyote ni kwamba seva inaweza kuugeuza wimbo kuwa Opus, muundo wa sauti unaokula data kidogo, wakati unaplei, nimeweka 96 kbps, saa nzima inakula kama MB 43, MP3 ya 320 ingekula 144. Kwa bando la siku hapo unaona tofauti, na ndani ya daladala sikio gani litasema huu sio FLAC, ule muundo usiopunguza ubora.

Weka UPS (betri inayoshikilia umeme ukikatika), umeme ukikatika katikati ya kuskani sio kitu cha kujaribia bahati. Na foda ya /data iwe na nakala pembeni, playlisti na nyimbo ulizozipenda zote ziko humo.

Mke wangu na mzee kila mtu ana akaunti yake, playlisti hazichanganyikani. Zimebaki nyimbo 212 ambazo hata mzee kashindwa kuzitaja, nimeziita albamu ya "Hazijulikani", na ndo anayoiplei zaidi.