Saa ya milimita ngapi inakufaa mkononi? Saizi tano, kuanzia ya kununua kwanza hadi ya kuacha

Nilipokuwa najiandaa na harusi ya dada yangu nilinunua saa kubwa ya chuma, mm 46, uso mweusi unaong'aa. Dukani niliambiwa hiyo ndiyo saizi ya mwanaume. Wiki haikuisha nikaipeleka kwa fundi saa mmoja Kariakoo anipunguzie pingili za mkanda, maana ilikuwa inazunguka mkononi. Mzee yule hakugusa hata bisibisi. Aliulaza mkono wangu mezani, akaweka rula ya chuma juu ya kifundo, kisha akaigeuza saa kifudifudi na kuipima kutoka ncha za pembe za juu, zile zinazoshika mkanda, hadi ncha za pembe za chini. Mkono, mm 50. Saa, mm 54.

"Kijana wangu," akaniambia, "mkanda naupunguza. Saa siipunguzi."

Tangu siku ile nimepima mikono ya ndugu, marafiki na wafanyakazi wenzangu, na nimefika mahali pa kusema hivi bila wasiwasi: namba inayotajwa dukani haitoshi kukuambia kama saa itakukaa. Wauzaji wanataja upana wa saa, kuvuka uso wake. Ule urefu aliopima mzee, kutoka pembe hadi pembe, ndio unaogusa mkono, na ndio usioandikwa kwenye boksi. Saa mbili zote za mm 42 zinaweza kutofautiana mm 5 au zaidi kwa urefu huo; moja ikakaa kama umezaliwa nayo, nyingine pembe zikaning'inia nje ya mkono na mwanga ukapita chini yake.

Kwanza jipime

Chukua futi ya fundi cherehani, au ukanda wa karatasi na rula. Zungushia kifundo pale saa inapokaa, nyuma kidogo ya ule mfupa uliochomoza upande wa kidole kidogo. Usikaze. Pima mchana au jioni, si asubuhi, hasa kama unaishi Dar, Tanga au Mombasa, kwa sababu joto linavimbisha mkono, na saa iliyokaa vizuri saa moja asubuhi inaweza kukubana ikifika saa nane.

Halafu pima kitu cha pili ambacho wengi wanakiruka: ubapa wa juu ya mkono. Weka rula kukata kifundo na usome sehemu iliyo tambarare tu, kabla mkono haujaanza kuteremka pembeni. Mimi mzunguko wangu ni sm 16.3 na ubapa ni mm 50. Nina rafiki mwenye mzunguko uleule lakini mkono wake ni wa mviringo kama mpini wa jembe, ubapa wake haufiki mm 46. Saa zinazonikaa mimi, yeye zinamzidi.

Sasa kanuni ni nyepesi. Urefu wa saa toka pembe hadi pembe uwe pungufu ya ubapa wako, walau kwa mm 2 au 3. Ukinunua mtandaoni, kipimo hicho huandikwa kwa Kiingereza "lug to lug". Kama hakipo, mwombe muuzaji apige picha saa ikiwa juu ya rula. Asiyetaka kupiga picha hiyo, mwache.

Niwape mpangilio wangu sasa. Nimeupanga kwa mtu mwenye mkono wa sm 15 hadi 17.5, anayetaka saa moja ya kuvaa kazini, msikitini au kanisani, na kwenye sherehe. Mwenye mkono wa sm 19 na kuendelea apandishe kila kitu ngazi moja.

1. Milimita 36 hadi 39

Hii ndiyo saizi ya kuanza nayo, na kwa wengi ndiyo ya kumaliza nayo. Watu wanaiogopa wakidhani ni ya kike. Rolex Datejust ilipotoka mwaka 1945 ilikuwa mm 36, na ilikuwa saa ya wanaume. Mwaka 2021 kampuni hiyohiyo iliirudisha Explorer kwenye mm 36 baada ya miaka kadhaa ya mm 39. Kilichotuharibia macho ni miaka ya 2000, ambapo saa za mm 44 na zaidi zilishika chati. Hublot Big Bang ya mwaka 2005 ilikuja na mm 44, na baada ya hapo hata saa za bei poa zikaanza kuvimba.

Kumbuka pia kwamba jicho halioni upana peke yake, linaona uso mzima. Kutoka mm 36 hadi 40 unasikia ni tofauti ya milimita nne tu, lakini uso wa saa umeongezeka karibu robo.

Mfano ninaoupenda kwenye kundi hili ni zile Seiko 5 za SNK809, mm 37, mkanda wa mm 18. Hazitengenezwi tena, ila kwenye mitumba na kwa mafundi saa bado zinapatikana. Kile kitufe cha kurekebishia saa kimewekwa mahali pa namba 4 kwenye uso, si namba 3, kwa hiyo ukikunja mkono kukamata usukani hakikuchomi nyuma ya kiganja. Saa nyingi kubwa zinakosa jambo hilo dogo, na kero yake utaisikia kila siku. Kwa suti, Orient Bambino ina toleo la mm 38. Lile la zamani la mm 40.5 lina ukingo mwembamba na uso mpana, linaonekana kubwa kuliko namba yake.

2. Saa ndogo ya namba, ya mraba

Naiweka ya pili na sioni haya. Casio F-91W, inayoonyesha saa kwa namba bila mishale, ipo sokoni tangu 1989, uzito wake ni gramu 21 na unene mm 8.5. Inapita chini ya mkono wa shati bila kukwama, inalala juu ya mkono wa mtoto wa shule na wa babu yake vilevile. Mkanda wake wa plastiki unashuka toka kwenye saa moja kwa moja, hakuna pembe za kuning'inia. Kwa mkono wa chini ya sm 15.5, kabla hujafikiria kitu kingine, jaribu hii. Kasoro yake ni moja: kwenye kanzu au suti ya harusi inaonekana ya kazini, na ndiyo maana haikushika nafasi ya kwanza. Feki zake ni nyingi. Kagua maandishi ya nyuma kama yamechongwa safi, na nunua kwa mtu utakayeweza kumrudia.

3. Milimita 40 hadi 42.5, lakini zenye pembe fupi

Hapa ndipo pa kuwa makini, maana ndiyo saizi iliyojaa madukani. Zipo nzuri. Seiko 5 Sports za kisasa, familia ya SRPD, ni mm 42.5 kwa upana, lakini toka pembe hadi pembe ni mm 46 tu. Mimi mwenye ubapa wa mm 50 naivaa vizuri, saa ambayo kwa kusikia namba ningeikataa. Ukingo mpana unaozunguka uso nao unaifanya ionekane ndogo kidogo. Linganisha na ile ya kwangu ya harusini: milimita tatu na nusu tu za tofauti kwa upana, nane kwa urefu.

Angalia pia unene. SRPD ina zaidi ya mm 13. Kwenye fulana haina neno. Kwenye shati la mikono yenye vifungo itakwama, na ukiivuta mara kwa mara pindo la shati linaliwa. Mwenye kazi ya ofisini atafute isiyozidi mm 11.

4. G-Shock na ndugu zake

Hizi ni saa za Casio zilizotengenezwa kuhimili kugongwa, na namba zake zinatisha. Ile ya mraba, DW-5600, ni mm 48.9 kwa 42.8, unene mm 13.4. GA-2100 ya mwaka 2019 ni mm 48.5 kwa 45.4, unene 11.8. Lakini ni za plastiki ngumu, nyepesi (GA-2100 ni gramu 51 tu), na mkanda wake umejengwa kushuka na mkono, kwa hiyo hazielei kama saa ya chuma yenye kipimo hichohicho. Kwa bodaboda, fundi ujenzi, mvuvi, mtu wa mazoezi, ningezipandisha hadi nafasi ya kwanza. Kwa mtu wa saa moja ya kila shughuli, hapana.

5. Milimita 44 na kuendelea, za chuma

Za mwisho. Nazitaja kwa sababu ndizo zinazosukumwa mbele ya kaunta, hasa zile za mkanda wa dhahabu ya rangi. Ukiwa na mkono wa sm 18.5 na ubapa wa mm 58, chukua kwa raha zako. Chini ya hapo utabeba uzito siku nzima, utazigonga kwenye kila mlango, na jioni mkono utakuwa na alama. Ile yangu nilimpa binamu yangu mwenye mkono mnene. Inampendeza kweli.

Saa janja zinapimwa tofauti: kwenye Apple Watch, ile milimita inayotajwa ni ya urefu toka juu hadi chini, si upana. Usiilinganishe na saa ya mishale.

Kuhusu saa za kina mama sikubaliani na maduka. Wanawekewa mm 24 au 26, uso umejaa vito, mishale haionekani. Mwanamke mwenye mkono wa sm 15 anabeba mm 30 hadi 36 bila shida yoyote, na atasoma saa bila kuvaa miwani. Uso usio na namba usimtishe mtu anayezungumza Kiswahili. Mshale mfupi ukiwa kwenye 3 sisi tunasema saa tisa, wala hatuitafuti hiyo tisa kwenye uso. Tangu utotoni tunasoma mahali mshale ulipo.

Mkanda unakwenda na saizi: mm 18 kwa saa ndogo, 20 kwa za kati, 22 kwa zile za 42 na kuendelea. Mkanda mwembamba kwenye saa kubwa unaifanya ionekane kama sahani. Ngozi ni nzuri Arusha, Nairobi au Bukavu. Pwani jasho linaila haraka na inaanza kunuka. Chukua mpira au chuma, na mkanda wa chuma upunguzwe pingili sawa pande zote mbili ili kifungio kikae katikati chini ya mkono.

Ukijaribu saa dukani usiipige picha kwa karibu na simu, kamera huikuza. Simama mbele ya kioo, mkono ukiwa umeshuka kando, uitazame kama atakavyokuona mtu unayepishana naye.

Na kama unamnunulia mama au mzee wa nyumbani na hutaki ajue, tafuta saa yake ya zamani. Tazama mkanda: tundu lililopanuka na kupinda ndilo analolitumia. Pima kuanzia tundu hilo kwenda ncha ya kifungio ukipitia juu ya saa, uandike na urefu wa saa yenyewe toka pembe hadi pembe. Rudisha saa pale ulipoikuta, nenda sokoni na hizo namba mbili.