Tabora na Pugu: njia mbili za kuwa shule ya serikali

Tabora Wavulana ilizaliwa mikononi mwa serikali. Waingereza waliifungua mwaka 1925, wakiwalenga kwanza watoto wa machifu, ili wapate watawala wenyeji waliosoma. Ilifuata desturi za shule za bweni za Uingereza, viranja na nidhamu kali vikiwemo. Abdallah Fundikira wa Unyanyembe alipita hapo. Mwaka 1937 akaingia Julius Nyerere, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki. Kinachonigusa ni hiki: shule iliyokusudiwa kuutumikia ukoloni ndiyo iliyomlea aliyekuja kuuondoa.

Pugu ilianza kwingine kabisa. Ilikuwa shule ya Wakatoliki, Mtakatifu Fransisko, vilimani nje kidogo ya Dar es Salaam. Nyerere alifundisha hapo baada ya kurudi kutoka Edinburgh mwaka 1952. TANU ilipozaliwa Julai 7, 1954, mwalimu akawa pia rais wa chama, na mwaka 1955 ilibidi achague: darasa au siasa. Akaacha kazi. Baadaye Sheria ya Elimu ya 1969 ikaiwezesha serikali kutaifisha shule za aina hiyo, na Pugu ikawa mali ya umma.

Kwa umri na majina ya waliosoma, Tabora iko mbele. Lakini ningeambiwa nichague moja ya kumsimulia mwanafunzi wa leo, ningeanza na Pugu, kwa sababu pale Nyerere aliacha mshahara wa uhakika bila kujua kesho ingeleta nini.