Tahadhari kwa wakazi wa Bukavu: alimantasio za wati 500 za uongo, na RAM zinazopotea dukani

Ndugu zangu wa Bukavu, hasa ninyi mnaofanya kazi ya kompyuta nyumbani kama mimi, naandika maneno haya ili asiwepo mwingine wa kuingia katika hasara niliyoingia. Kazi yangu ni kuchapa na kupanga kazi za mwisho wa masomo za wanafunzi wa vyuo vikuu hapa mjini, na chombo changu ni kompyuta moja ya mezani ya okazio, yaani iliyokwisha kutumika, iliyotoka Ulaya, ambayo imenihudumia chumbani kwangu Kadutu kwa mwaka wa tano sasa. Duka lililonidhulumu silitaji kwa jina kwa kuwa shauri bado liko mbele ya mkuu wa mtaa, lakini namna wanavyofanya nitaieleza yote, maana wapo na wengine wanaofuata njia hiyo hiyo.

Mambo yalianza usiku mmoja ambapo umeme ulikatika na kurudi mara tatu ndani ya saa moja. Uliporudi mara ya mwisho kompyuta ilitoa mlio mfupi, ikanuka kuungua, na haikuwaka tena. Kilichokufa kilikuwa alimantasio, yaani kile kisanduku cha chuma kinachopokea umeme wa volti 220 kutoka ukutani na kuugeuza kuwa volti 12, volti 5 na volti 3.3 kwa ajili ya viungo vya ndani. Fundi wa duka alilitambua hilo vizuri, na hapo sina lawama naye. Aliniuzia nyingine kwa dola 35, mpya, yenye karatasi ubavuni iliyoandikwa 500W kwa herufi kubwa. Risiti hakutoa, nami sikuidai.

Haikupita wiki tatu kompyuta ikaanza kuzimika ghafla, bila ujumbe wowote kwenye skrini, kama taa iliyokatiwa umeme, kisha ikajiwasha yenyewe. Ilipokuwa imetulia ilikaa hata nusu siku bila shida. Nilipofungua kazi kubwa yenye picha na ramani, au mtoto wa dada yangu alipocheza mchezo unaotumia kadi ya picha, yaani kiungo kinachochora picha za skrini, ilizimika ndani ya dakika chache. Nimepoteza kurasa za watu kwa njia hiyo, na mwanafunzi mmoja alikesha nami hadi alfajiri tukiandika upya sura nzima aliyotakiwa kuikabidhi asubuhi.

Niliirudisha dukani. Fundi aliiwasha, akafungua daftari la matukio la Windows, akanionyesha mstari wenye alama nyekundu ulioandikwa Kernel-Power, namba 41, akaniambia kwa sauti ya huruma: «Mama, angalia mwenyewe, ubao mama umeungua. Hii haiponi.» Ubao mama ni lile bamba kubwa la ndani ambalo viungo vyote hushikana nalo. Alitaka dola 120 kwa mwingine, na akaniomba nimwachie kompyuta siku mbili ili aipime vizuri. Nilimwachia.

Naomba mlielewe jambo hili, kwa sababu ndilo lililonifunga macho. Ule mstari wa namba 41 hausemi lolote kuhusu ubao mama. Windows huuandika kila inapowaka baada ya kuzimika bila kufungwa ipasavyo. Hata ukichomoa waya ukutani kwa mkono wako, utaukuta ukiwasha tena. Daftari la kompyuta iliyo nzima kabisa halikosi alama nyekundu na za manjano, na ndiyo maana hata matapeli wanaopigia watu simu wakijifanya mafundi wa Microsoft huwafungulia ukurasa huo huo ili kuwatia hofu. Mtu akikuonyesha mstari huo peke yake na kukutajia bei ya ubao mpya, bado hajapima kitu.

Dola 120 sikuwa nazo, kwa hiyo siku ya tatu nikaenda kuchukua kompyuta yangu jinsi ilivyo. Nyumbani niliona inafungua programu polepole mno. Nilipotazama ukurasa wa mfumo nikakuta GB 4 za RAM, yaani vipande vya kumbukumbu ambavyo kompyuta hufanyia kazi, mahali palipokuwa na GB 8. Nilifungua ubavu wa kompyuta na kumulika kwa tochi ya simu. Ndani kote kulikuwa na vumbi la kijivu la miaka, juu ya feni, juu ya waya, juu ya kipande kimoja cha RAM kilichobaki. Lakini mfereji wa pili, ule uliokaa kipande changu kingine, ulikuwa mweusi na safi, vishikizo vyake vimeachwa wazi. Niliketi sakafuni nikalia, nasema kweli.

Kijana wa jirani anayejifunza ufundi wa umeme alikuja jioni na mita yake. Aliweka ncha moja kwenye waya wa manjano, ule unaobeba volti 12, na nyingine kwenye waya mweusi wa plagi ya alimantasio, kompyuta ikiwa inawaka. Ilipotulia mita ilionyesha volti 11.9. Tukafungua mchezo wa mtoto, namba zikaanza kushuka mbele ya macho yetu, 11.5, 11.2, zikafika 10.8, kompyuta ikazimika. Waya huo wa manjano unaruhusiwa kucheza kati ya volti 11.4 na 12.6 tu. Kisha akafunga alimantasio ya kompyuta yake mwenyewe kwenye yangu, na mchezo ukaenda saa tatu bila kuzimika. Ubao mama nilioambiwa umeungua ndio ninaoandikia maneno haya.

Ile karatasi ya 500W, ukiisoma vizuri, inajisuta yenyewe. Chini ya herufi kubwa kuna jedwali la herufi ndogo, na kwenye safu ya +12V kumeandikwa ampea 12. Zidisha 12 kwa 12 upate wati 144, na hapo ndipo prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, na kadi ya picha hunywea. Prosesa yangu inahitaji wati 65, na kadi ya picha isiyo na waya wake wa pekee inaweza kuvuta hadi wati 75 kupitia ubao mama. Jumla ni 140, kabla hujahesabu diski na feni. Tena hata hizo 144 ni ahadi ya karatasi. Kwa hiyo mbele ya muuzaji usiulize wati ngapi, soma ampea za safu ya +12V. Pima pia uzito wa kisanduku mkononi: changu kilikuwa chepesi kama daftari mbili, na waya zake nyembamba kuliko zile za kisanduku cha zamani. Alama ya 80 PLUS, inayodai kwamba kisanduku hakipotezi umeme mwingi, isikutulize peke yake, maana kuchapisha alama ni rahisi. Na kama nyuma kuna swichi ndogo nyekundu ya 115 na 230, hakikisha iko kwenye 230 kabla ya kuchomeka. Ikiwa kwenye 115, kwa umeme wetu kisanduku kinapasuka papo hapo.

Kisanduku chenyewe msikifungue kwa udadisi. Kapasita zake hubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa waya, na zinaweza kuua.

Nilirudi dukani na kijana pamoja na mita yake. Wakakataa kupima. Kuhusu RAM walisema nilikuja na kipande kimoja tu, nami sikuwa na cha kuwaonyesha. Ndiyo maana nawasihi: kabla ya kumwachia fundi yeyote kompyuta, fungua ubavu mbele yake, piga picha za ndani, andika kwenye karatasi ukubwa na namba za RAM na za diski, naye atie sahihi. Fundi mwaminifu, na Bukavu tunao wengi, hakasiriki kwa hilo. Kama kazi inaweza kufanyika mbele yako, keti hapo hapo usubiri.

Tangu nianze kusimulia habari hii, mwalimu mmoja wa Bagira na mama mmoja wa Nguba wameniambia waliuziwa kisanduku cha namna hiyo, na wote wawili waliambiwa ubao mama umeungua, mwalimu alilipa. Mwenye kisanduku chenye jedwali kama nililolieleza alipige picha pamoja na karatasi yoyote ya malipo aliyo nayo na kuihifadhi, kwa kuwa mkuu wa mtaa ameniambia mlalamikaji mmoja asiye na risiti hana nguvu, ila wakiwa kadhaa atawaita wenye duka. Jumamosi nilipita mbele yao. Masanduku yale yale yamepangwa mlangoni, na sasa wanayauza dola 40.