Kozi ya wikendi ya jenomu, Milimani Kisumu: nyota 3 kwa 5

Tasnifu yangu ni ya mtama, na siku hizi anayesoma mimea haponi: utachukua familia moja ya vidhibiti vya jeni, zile protini zinazoshika DNA na kuamua jeni ipi iwake na ipi ilale, uzisake kwenye jenomu nzima, yaani DNA yote ya mmea, uzihesabu, uchore mti wa ukoo wao. Kozi hii ilichagua familia ya WRKY, iliyopewa jina kwa herufi za mwanzo za alama yake. Ada shilingi 6,500, chai na mandazi ndani, laptopu ujiletee.

Jumamosi peke yake ningeipa nyota 1. Mafaili ya mtama yako Phytozome, tovuti ya jenomu za mimea, ni bure ukishafungua akaunti. Wangeyaweka kwenye flashi mapema. Badala yake darasa zima lilipakua kwa pamoja kwa waifai ya kusuasua, huku mkufunzi akitusomea slaidi kwamba jenomu ya mtama ilichapishwa 2009. Asante, tulijua.

Jumapili aliingia dokta mwingine, mama wa makamo, bila slaidi hata moja. Tukachukua modeli ya WRKY, PF03106, kutoka Pfam, hazina ya familia za protini, tukaipitisha kwenye protini za mtama kwa programu ya kusaka, hmmsearch, orodha ikatoka ndefu. Jirani yangu alishaanza kuzibatiza SbWRKY1, SbWRKY2, anashuka tu. Dokta akainama kwenye skrini ya huyo jirani.

"Kaka, hapo una jeni ngapi?"

Akamwonyesha mikia ya vitambulisho: Sobic fulani (ndivyo vitambulisho vya mtama vinavyoanza) inaishia .1, mstari wa chini ni ile ile, inaishia .2. Jeni moja iliyonakiliwa kwa namna mbili, naye kaiandikisha mara mbili. Sijui ni makala mangapi yamepita hivyo hivyo. Kisha akatufungulisha protini moja moja tutafute herufi saba za amino asidi, WRKYGQK, na mbele yake C mbili na H mbili zinazoshika zinki, au C mbili, H na C. Penye WRKYGKK tukataka kufuta, akakataa: huo ni mgeuko unaojulikana katika familia hiyo, andika pembeni. Asubuhi yote ikaishia hapo, na hapo ndipo pesa yangu ilipofanya kazi.

Michoro ya TBtools, programu ya kuchorea matokeo ya jeni, ilipita mbio. Si neno, hiyo utajifunza nyumbani.

Kinachoniudhi ni wimbi. Waliotoka Busia na Kakamega walikuja na wimbi, ambalo lina kromosomu 36 kutoka kwa mababu wawili, kwa hiyo jeni nyingi zina pacha upande wa pili na hesabu ya mtama haikufai. Walipouliza, waandaaji wakajibu hiyo ni moduli nyingine, ada nyingine. Kwa kozi inayofanyika Kisumu, hapana.

Kabla ya kulipa uliza nani anafundisha Jumapili. Kama ni yule mama, lipa. Na ubebe flashi.